Nilimsifu Alipokonda

Aliporudi kutoka likizo, binti wa jezi namba 7 alikuwa amepungua. Nilimwona tangu mlangoni, na kabla hajafika kwenye benchi mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. "Eh! Umejikata vizuri. Sasa huyu ndiye mtu wa kuruka!" Nilisema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. Wenzake wakapiga makofi. Yeye akatabasamu, akashika jezi yake ubavuni kwa vidole viwili akaivuta, atuonyeshe nafasi iliyobaki.

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Mimi nilicheza mpira wa wavu enzi ambazo kocha hakuona haya kukwambia mbele za watu kwamba umekuwa kama gunia, na nilipoanza kufundisha nilijiapiza kwamba wasichana wangu hawatayasikia maneno ya aina hiyo kutoka kwangu. Nitawasifu. Niliamini kati ya kocha anayeutukana mwili na kocha anayeusifu pana umbali wa mbingu na ardhi.

Wiki kama sita baadaye namba 7 akaanza kuchechemea. Maumivu yalikuwa kwenye ugoko, nikadhani ni yale ya kawaida ya kurukaruka kwenye sakafu ngumu. Nikamwambia aweke barafu, apumzike siku mbili. Hayakuisha. Kila nilipomuuliza panapouma, alipaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, mahali palepale, padogo kama kifungo cha shati. Leo kocha yeyote akinisimulia hivyo namwambia ampeleke mtoto hospitali bila kungoja. Siku zile nilingoja siku tisa.

Ulikuwa ufa kwenye mfupa. Mama yake alinipigia simu jioni ile.

"Kocha, daktari amemuuliza mara ya mwisho kuona siku zake ni lini. Amejibu miezi mitano iliyopita. Wewe ulijua?"

"Hapana, mama. Sikujua."

"Mimi pia sikujua." Akanyamaza kidogo. "Ameambiwa lazima ale, arudishe uzito. Anakataa. Anasema akinenepa timu itamwona vibaya, maana alipokonda mlimpigia makofi."

Hakunifokea. Angenifokea ingekuwa afadhali. Makofi yale niliyaanzisha mimi.

Usiku ule nilisoma mpaka macho yakauma. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la kitaalamu kuhusu hali inayofupishwa RED-S, yaani upungufu wa nishati mwilini kwa wanamichezo. Maelezo yake si magumu. Mwanamichezo anapotumia nguvu nyingi kuliko anachokula, mwili hufanya kama nyumba iliyopungukiwa fedha: unaahirisha yale yanayoweza kungoja. Hedhi inasimama. Ukarabati wa mifupa unapungua. Kinga inashuka, homa na mafua haviishi, hasira zinakuwa karibu. Moyo na mapafu vinaendelea, miguu inaendelea, kwa hiyo kwa muda mtoto anaweza hata kucheza vizuri zaidi, na sisi makocha tukajipongeza. Hapo ndipo tunapodanganyika. Na kwa msichana wa miaka 15 hasara ni kubwa kuliko kwa mtu mzima, kwa sababu akifika miaka 18 mifupa yake inakuwa imeshajenga takriban asilimia 90 ya uzito wote itakaoufikia. Mwaka ukipotea katika umri huo, kuufidia ni kazi.

Nilikutana pia na habari za Mary Cain, mkimbiaji wa Marekani aliyeiwakilisha nchi yake kwenye mashindano ya dunia ya 2013 akiwa na miaka 17. Mwaka 2019 alieleza hadharani jinsi alivyoshinikizwa apungue, kisha apungue tena, hadi hedhi ikakoma kwa miaka mitatu na mifupa mitano ikavunjika. Nilipokuwa nasoma nilijitetea moyoni: mimi sijamshinikiza mtu. Sijamwambia mtu asile. Kweli, sikusema. Nilisifu tu, na wasichana kumi na wawili wakajifunza kwa dakika moja ni mwili gani unaopigiwa makofi katika timu hii.

Kesho yake nilimwomba kocha msaidizi wangu kazi ya ajabu. Kwa wiki nzima aandike kila neno nitakalolitamka linalogusa mwili wa mtu yeyote, zuri au baya, bila kunikumbusha. Ni kijana mpole, aliona aibu. Ijumaa akaniletea ukurasa mmoja na nusu. Tuliketi kwenye ngazi za jukwaa akanisomea huku akiangalia chini.

"'Bonge langu, njoo hapa.' 'Wewe Twiga, nyuma.' 'Miguu hiyo Mungu kakupa, itumie.' 'Unaona mwenzako alivyo mwepesi?' 'Kimbaumbau, upepo utakubeba.' 'Mimi siku hizi nimenenepa, siwezi hata kuinama.'" Hilo la mwisho nililirudia mara saba kwa wiki moja. Mara saba! Mimi niliyekuwa nikiwaambia wajiamini.

Nusu ya ukurasa ule zilikuwa sifa, na nilipozisikia kwa sauti ya mtu mwingine nikatambua kwamba hazikuwa tofauti sana na matusi ya kocha wangu wa zamani. Yeye aliupima mwili akaukuta umepungukiwa, mimi niliupima nikaukuta umefaulu. Wote wawili tulishika mizani. Na anayefaulu leo anajua kwamba kesho atapimwa tena.

Nikaanza na majina. Kwenye timu majina ya utani ni kama chumvi, na sitaki kuwa kocha anayezima kicheko. Ila Bonge alikuwa ndiye anayecheka wa kwanza kila alipoitwa, na nilikuwa nimeichukua cheko hiyo kama ruhusa. Nikamvuta pembeni tulipokuwa tunakusanya mipira.

"Hili jina unalipenda?"

"Nimelizoea, Kocha."

Akaendelea kuokota mipira. Tangu siku hiyo nilimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wenzake ilibidi waniulize kwa nini, nikawaambia ukweli: nililianzisha mimi na limenishinda kulibeba. Ilichukua miezi. Mara nyingine bado linanitoka, naomba radhi palepale na tunaendelea.

Halafu nikaharibu tena, kwa kuzidisha dawa. Nilitayarisha hotuba. Nikawaketisha duara katikati ya uwanja, nikawaambia kila mwili ni mzuri, jipendeni, jitazameni kwenye kioo mjiambie mnapendeza, na mengine ya namna hiyo ambayo nayaona kwenye mabango. Waliangalia viatu vyao. Mmoja alifungua kamba za kiatu akazifunga, akazifungua tena. Nilipomaliza, mdogo wao akainua mkono: "Kocha, tunaweza kuanza kucheza sasa?"

Nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikamwelewa. Alikuwa sahihi kunizidi. Dakika ishirini nzima nilikuwa nimewafanya waufikirie mwonekano wao, tena mbele ya wenzao, halafu nataka wausahau wakishika mpira. Sikuwahi kutoa hotuba hiyo tena. Siwaambii wajione wazuri. Nataka wapate saa mbili za siku ambazo suala la uzuri halipo kabisa, zipo hatua, mikono, muda, mpira.

Kwa hiyo kazi ikahamia kwenye lugha ya mazoezi, na hapo ndipo nilipotoka jasho kwelikweli, maana kuacha maneno ni rahisi kuliko kupata mengine ya kuweka mahali pake. Zamani mchezaji aliyeshindwa kufika juu ya wavu nilimwambia amekuwa mzito. Sentensi moja, imekwisha, na haimsaidii chochote. Sasa inanibidi niangalie hasa kilichotokea. Je, hatua ya mwisho ilikuwa fupi? Mikono ilibaki mbele badala ya kurushwa nyuma? Aliondoka chini mpira ukiwa bado unapanda? Karibu kila mara jibu lilikuwa hapo, kwenye hatua au mikono au muda. Naona aibu kusema kwamba nilikuwa kocha mbovu zaidi ya nilivyodhani. Neno "mzito" lilikuwa likinificha nisiangalie.

Na sifa zikabadilika vilevile. "Ulivyotua sasa hivi, magoti yote mawili yametazama mbele, hivyohivyo." "Umesikia jinsi mpira ulivyolia? Huo ni mkono uliofunguka wote." Mwanzoni zilinitoka kama mtu anayesoma. Lakini niliona mabinti wanapozipokea hawavuti nguo. Sijui niieleze vipi. Ukimsifu msichana umbo, mkono wake huenda kwenye nguo, kuivuta au kuinyoosha. Ukimsifu kitendo, anarudia kitendo.

Somo lililonifaa kuliko yote lilikuwa la ukuaji, na nasikitika kwamba sikufundishwa nilipokuwa mchezaji. Kwa wasichana wengi kasi ya juu kabisa ya kurefuka huja karibu na umri wa miaka 12, mtoto akiongezeka hata sentimita 8 kwa mwaka. Hedhi ya kwanza mara nyingi hufuata kama mwaka mmoja baada ya kilele hicho. Nyonga zinapanuka, mafuta yanaongezeka kwa sababu mwili wenyewe umeyaagiza, mifupa ya miguu imekuwa mirefu na misuli bado haijaifikia. Kwa mchezaji maana yake ni kwamba mizani yote aliyoizoea imehama. Hatua tatu za kwendea smashi, alizokuwa akizipiga amefumba macho, sasa zinamfikisha chini ya mpira. Anagonga wavu. Anagonga tena. Hajui ni kwa nini, anajitazama, anaona kilichobadilika ni mwili, na anauchukia.

Wengi huacha hapohapo. Nimewapoteza watatu kwa njia hiyo kabla sijaelewa, na mmoja wao nilimwita mvivu.

Siku hizi ninawaambia kabla halijatokea. Mwanzo wa msimu nawaambia wadogo: itafika miezi ambayo utakosa mipira uliyokuwa ukiipiga mwaka jana. Mwili utakuwa umejengewa chumba kipya na wewe bado unatafuta mlango gizani. Tutarudi kwenye hatua za mwanzo, taratibu, na kutua zaidi kuliko kuruka. Kutua nakukazania kwa sababu ya goti: kwenye michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, wasichana hukatika kano kubwa ya ndani ya goti zaidi ya mara mbili ya wavulana, na mazoezi ya kutua na ya nguvu hupunguza hatari hiyo. Mwaka jana binti mmoja wa miaka 13 alipiga wavu mara ya nne mfululizo, akageuka akaniambia kwa sauti ya uchovu tu, bila machozi, "Kocha, mimi ndio niko gizani." Tukampunguzia hatua moja. Basi.

Nguo nazo zilinifundisha kwa aibu. Tulikuwa na bukta nyeupe, fupi, za kubana. Nilizipenda. Binti mmoja akawa anakuja mazoezini na sweta kiunoni, joto lilivyokuwa kali na yeye amelifunga fundo. Nilimwambia alitoe, ni hatari, litamnasa. Akalitoa. Juma lililofuata hakuja. Nikasema ana jeuri. Ni mwenzake aliyeninong'oneza, akiwa ananitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto mzito wa kuelewa: "Kocha. Bukta ni nyeupe."

Wakubwa nao walichelewa kuiona hofu hiyo ya doa la hedhi. Mashindano ya tenisi ya Wimbledon yaliwaruhusu wanawake kuvaa bukta nyeusi ndani ya sketi nyeupe mwaka 2023, na mwaka huohuo timu ya taifa ya soka ya wanawake ya Uingereza ikaacha bukta nyeupe ikachukua za buluu. Kwenye mpira wa wavu wa ufukweni, shirikisho la kimataifa liliruhusu kaptura na fulana za mikono mwaka 2012 tu. Na mwaka 2021 timu ya Norwei ya mpira wa mikono wa ufukweni ilitozwa faini ya euro 1,500 kwa kosa la kuvaa kaptura badala ya bikini. Kanuni ikabadilishwa miezi michache baadaye. Wanawake watu wazima, wa timu ya taifa, walilipishwa kwa kutaka kitambaa zaidi. Mtoto wa miaka 13 atamwambia nani?

Tukanunua bukta za rangi ya giza, za urefu wa aina tatu, na anayetaka kuvaa suruali ya kubana ndani anavaa. Lakini kosa langu baya zaidi la nguo halikuwa rangi. Nilikuwa nagawa jezi kwa kuita: jina, halafu saizi, kwa sauti. "Kubwa zaidi! Ya nani hii? Njoo uchukue." Sasa sanduku liko kwenye chumba cha kubadilishia, kila mtu anaingia anachukua anayojisikia vizuri nayo. Ninaagiza kubwa nyingi kuliko zinazohitajika, ili asiwepo mmoja anayechukua ile kubwa ya pekee. Hakuna mkutano uliofanyika kuhusu jambo hili, wala sikulitangaza.

Sidiria niliiogopa. Nilijiona naweza kuongelea kano na mifupa, lakini matiti, hapana, watanicheka. Kumbe wanangoja mtu aanze. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowahoji wasichana wa shule zaidi ya 2,000 nchini Uingereza, ulikuta asilimia 46 wanasema matiti yao yanaathiri kwa namna fulani ushiriki wao kwenye michezo. Tuna mama mmoja muuguzi. Nikamwomba aje, wanaume wote wakatoka. Aliwaonyesha jinsi ya kupima kwa futi ya fundi chini ya matiti na juu yake, kwamba mkanda wa chini ndio unaobeba kazi kubwa kuliko kamba za mabegani, kwamba ukiinua mikono mkanda usipande, na uweze kupitisha vidole viwili tu. Maswali yalichukua saa nzima. Mmoja alikiri kwamba miaka miwili amekuwa akikunja mabega makusudi anapopokea mpira. Mimi nilikuwa nimempa mazoezi ya mgongo!

Picha tulizimaliza haraka. Anayesubiri kupokea mpira huinama, na mpiga picha siku zote hukaa nyuma. Sasa wachezaji wawili, kwa zamu, ndio wanaochagua picha za kutumwa. Mizani iliyokuwa kwenye kona ya ukumbi niliiondoa. Uzito ukihitajika kwa sababu ya afya, anapima mtu wa afya, faragha, na namba hiyo siiulizi. Kocha msaidizi hamgusi mchezaji kumrekebisha mkao bila kumuuliza kwanza, nami vivyo hivyo. Na kila mzazi anajua kwamba binti aliyekuwa akiona siku zake vizuri, zikikosekana miezi mitatu, anakwenda kwa daktari, siyo suala la kungoja msimu uishe. Tunalisema kwenye kikao cha kwanza, baba zao wakiwepo, wanaangalia dari.

Kwa wazazi bado sijashinda. Baba mmoja, mtu mwema, anayekuja kila mechi, aliniambia akiwa amesimama mita mbili kutoka kwa binti yake: "Huyu mwambie apunguze kidogo, wewe anakusikia." Nilitakiwa kuwa na jibu. Nilisema tu, "Baba, leo amezuia mipira mitano," nikaondoka. Binti alikuwa anakunja wavu, mgongo ametupa sisi, mikono imesimama. Nilimtafuta baba baadaye tukazungumza vizuri, akaelewa au akasema ameelewa. Lakini binti alilisikia lile la kwanza, na jibu langu pia lilikuwa jepesi mno.

Namba 7 alikaa nje miezi minne. Nilimtembelea, nikamwomba radhi mbele ya mama yake kwa yale makofi, naye akasema "haya" kwa namna ya kutaka niondoke. Nilimpa kazi ya kuhesabu mipira mizuri ya kwanza ya wapokeaji, kwa daftari, ili awe na sababu ya kuja ukumbini asiyopaswa kuirukia. Alianza kula taratibu, akaongezeka, akapunguza mavazi mapana. Hedhi ilirudi kabla ya ruhusa ya kuruka. Hilo alinieleza mwenyewe, kando ya bomba la maji, kwa haraka kama anayetoa matokeo ya mechi.

Siku aliyorudi uwanjani alikuwa ameingia chumba cha sanduku, akatoka na jezi mpya, namba ileile, saizi moja juu. Akaja akasimama mbele yangu. Ukumbi ulikuwa na kelele, lakini niliwaona wawili watatu wameacha mipira wanatusikiliza.

"Kocha, naonekanaje?"

Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yote mazuri. Nikayameza.

"Inua mikono."

Akainua yote miwili, juu kabisa, kama anayezuia. Jezi haikupanda.

"Inakutosha. Nenda wavuni, wanakungoja."